Waliotangulia Jeshi

Watu wakisimulia habari za Jenerali Ponciano Uriona huanza na farasi mweupe. Mimi nilikuwepo, na farasi mweupe hakuwepo. Alikuwa na nyumbu wa kijivu, mkaidi kama mwenyewe, na siku tuliyoingia La Paz kwa ushindi nyumbu huyo alikuwa anaharisha. Nayajua hayo kwa sababu ni mimi niliyemsafisha.

Jina langu Tiburcia Limachi. Nilimpata Ponciano akiwa koplo, ana kofia nzuri na viatu vinavyocheka. Nilikuwa mmoja wa wanawake wa jeshi. Siku hizo jeshi letu halikuwa na mpishi wala ghala. Kila askari alikuwa na mwanamke wake, wa ndoa au wa njiani, na mwanamke huyo ndiye aliyekuwa ghala. Tulitangulia. Wanaume wakiwa bado wanafunga mikanda, sisi tulishaondoka, chungu mgongoni na mtoto juu ya chungu, tukapanda milima kwa njia za lama, wale wanyama wa mizigo wa kwetu, tukafika kambini saa nne au tano kabla yao ili wakija wakute moto na supu. Maofisa walikuwa na ramani. Lakini jeshi lililala pale tulipotua vyungu, na hakuna ofisa aliyewahi kuthubutu kulihamisha.

Ponciano alilijua hilo kuliko wote. Mwaka mto ulipofurika na daraja likachukuliwa na maji, maofisa walisimama ukingoni wakibishana. Yeye alivua suruali mbele ya kikosi kizima, akajitwika chungu changu kichwani, akavuka maji yakiwa kifuani. Kisha akarudi kuchukua cha mwenzangu. Alivusha vyungu kumi na kimoja siku ile, na kila alipofika ng'ambo alimtaja mwenye chungu kwa jina. Alitujua sote, sisi na waume zetu na watoto wetu, hata mbwa. Jioni ile wanawake waliniambia, "Tibu, huyo mtunze. Huyo atafika mbali." Nami nikaona fahari, mjinga mimi.

Basi akapanda. Makamanda wawili wakigombea jeshi, wanawake walifuata alipo Ponciano, na wanaume wakafuata walipo wanawake, kwani nani anafuata njaa? Akawa kapteni, akawa kanali, akawa jenerali. Kila alipopanda nilimshonea utepe mpya kwenye bega, na kila nilipomshonea nilizidi kuogopa. Katika nchi yetu mtu akiingia ikulu, seremala wa majeneza huanza kumpima kwa macho. Mmoja alipigwa risasi kwenye ngazi. Mwingine alichomwa kisu na mpwa wake mwenyewe wakicheza karata. Sikutaka nyumba, sikutaka gauni. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikiomba kila Jumapili nikiwa nimepiga magoti: Ponciano azeeke.

Siku ya kwanza ya urais aliteremka uani, amevaa ule mkanda wa rangi tatu, akanikuta nimewasha moto kando ya kisima.

"Tibu, kuna jiko ndani. Kubwa, la chuma."

"Limenikataa. Linatoa moshi kwa kiburi."

Akacheka, akachuchumaa, akala. Mkanda wa urais ulitumbukia kwenye supu. Nikaufua usiku uleule, ukachuja rangi, na tangu siku hiyo bendera ya nchi kifuani pake ilikuwa na doa la pilipili. Nilimpenda sana mwaka ule. Alikuwa bado mtu wangu.

Kisha wakaja mabwana wa mjini, wenye glavu. Wakamvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka kikamziba masikio. Akaja pia mkufunzi wa gwaride kutoka ng'ambo ya bahari, mtu mwembamba mwenye kioo kwenye jicho moja. Alisimama barazani akitazama jeshi linavyoondoka mjini, wanawake mbele, vyungu, watoto, kuku wakining'inia miguu juu. Akasema, "Mheshimiwa, hili jeshi au ni soko linalohama?" Mabwana wenye glavu wakacheka. Nilikuwa dirishani, nikamwona Ponciano masikio yakimwiva mekundu kama mtoto aliyejikojolea. Alivumilia risasi mbili mwilini, lakini kicheko kile hakukivumilia.

Wiki ile aliandika amri: wanawake marufuku kufuatana na jeshi. Askari wa Jamhuri watapikiwa na serikali, chakula kitaletwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Alinisomea mwenyewe, kwa sababu mimi sijui kusoma.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe si kama wao, Tibu. Wewe uko hapa."

"Hapa ndiyo wapi? Jikoni?"

"Usinianze."

"Magari ya ng'ombe kwenye milima hii? Ponciano, ng'ombe atapanda wapi? Mbinguni?"

"Nimesema usinianze!"

Nikanyamaza. Naungama hapa kama nilivyoungama kwa padri: nilinyamaza kwa faida yangu. Nilijiambia, jeshi likiwa na walimu na magari, rais hatahitaji kwenda vitani mwenyewe. Atakaa mezani, atanenepa, atazeeka. Wenzangu nikawaacha.

Mwaka huohuo, katikati ya masika, kikosi cha pili kilipelekwa kusini kuzima fujo. Wanawake walifuata hadi darajani, wakazuiwa kwa singe. Walikaa pale siku sita wakilia na kutukana. Magari ya ng'ombe yalizama kwenye tope kabla ya siku ya tatu. Kikosi kilirudi nusu, na nusu ile ilikuwa mifupa. Ikulu walipiga kengele, wakasema tumeshinda.

Mwaka wa nne Kanali Arteche akaasi katika mji wa Oruro. Mtu asiyefaa hata kuongoza mbuzi, lakini alikuwa na akili moja: aliwafungulia wanawake mlango. Wote wakamwendea. Ponciano akatoka na watu elfu mbili na kofia mpya za bati, akapanga safu uwandani kama alivyofundishwa. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu zaidi ya kumi na wote husema jambo moja. Asubuhi upepo ulivuma kutoka upande wa Arteche, ukaleta harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na nyama kavu. Askari wa Ponciano walikuwa na siku mbili hawajala ila mahindi mabichi. Wa kwanza alitupa bunduki akasema anakwenda kujisaidia. Wakafuata watatu. Kisha kumi. Waume walikuwa wakiita majina ya wake zao huku wanakimbia, na wanawake wakijibu kutoka ng'ambo, "Huku! Huku, mpumbavu wewe, supu inapoa!" Saa sita mchana Ponciano alikuwa amebaki na mkufunzi, mpiga tarumbeta, na nyumbu.

Habari ziliponifikia La Paz sikulia. Nilifungasha chungu. Nilijua atakimbilia mpaka wa Peru, nikajua njia atakayoshika, maana alikuwa hajui nyingine. Nikapita njia ya mkato ya lama, nikatembea siku mbili, nikawasha moto kwenye zizi la mawe chini ya mlima. Asubuhi akatokea kwa miguu, peke yake. Nyumbu alikuwa amemfia, mkufunzi alikuwa amekwenda zake, na mpiga tarumbeta pia. Alisimama akautazama moto, akanitazama mimi.

"Umejuaje?" akauliza.

"Kaa ule."

Alikula huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. Aliniomba radhi mara moja, kwa sauti ndogo. Nilimvua viatu nikamkanda miguu. Nilimpatia poncho ya mchungaji, blanketi lenye tundu la kichwa, kwa kubadilishana na koti lake lenye vifungo vya dhahabu, tukaendelea.

Nilikosea siku ya pili. Niliona moshi kwenye banda la wasafiri lililo chini ya njia ya mwisho ya kuvuka milima, nikadhani ni wachunga lama. Kutoka pale hadi mpaka ni siku moja tu, nami nilikuwa na furaha ya kijinga, naona Ponciano ameshapona. Tukaingia. Walikuwa wanawake saba, vyungu vimepangwa, moto wa samadi kavu ukifuka. Nikawajua kabla sijafunga mlango. Lilikuwa jeshi la Arteche linakuja kumsaka Ponciano, na wake zao, kama desturi, walikuwa wametangulia.

Bibi Eustaquia, mwenye jino moja, alitutazama kwa starehe.

"Karibu, mchungaji," akasema. "Mbona masharubu yako yamepakwa nta? Huwa unawabusu lama wako?"

Wakaangua kicheko. Ponciano alivua kofia.

"Mama Eustaquia," akasema.

"Aa! Leo ananijua. Mlangoni pa ikulu nilikaa siku nzima na bakuli la jibini, askari wako akaniambia Mheshimiwa hana nafasi. Jibini nikala mwenyewe na jino langu hili. Haya, kaeni. Jua likifika juu ya kile kilima waume zetu watakuwa hapa. Mna nafasi ya kutosha kuaga dunia."

"Mama, mwacheni aende," nikasema. "Nawaombeni. Mnanijua."

"Wewe tulikujua zamani," mmoja akajibu. "Ulipopata jiko la chuma ukatusahau."

Ilikuwa kweli tupu.

Eustaquia akamwonyesha Ponciano moto kwa kidevu. "Vuvia. Samadi ina unyevu. Miaka yote hii umetuwekea singe tusiwapikie waume zetu, leo pika wewe."

Akapiga magoti, akavuvia. Mashavu yamejaa, macho mekundu, anakohoa, majivu kichwani. Walimcheka hadi wakashikana mabega. "Mpanda ngazi hushuka, baba," Eustaquia akasema, "lakini wewe umeruka!" Hata yeye alicheka mwisho, na kwa kicheko kile nilianza kutumaini, kwani mtu mnayecheka naye ni vigumu kumtoa auawe. Moto ukawaka. Akapewa viazi akamenya, vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda.

Mmoja tu hakucheka. Nicasia, mwanamke mrefu, mkimya, alikuwa amekaa karibu na mlango na kisu cha kumenyea mkononi. Kicheko kilipotulia, akasema, "Mimi nina neno."

Wote wakamgeukia.

"Mume wangu alikuwa kikosi cha pili. Alikwenda kusini masika ile. Mimi nilibaki darajani. Jenerali, niambie jina lake."

Ponciano akaweka kiazi chini. Nilimwona akimtazama usoni, anatafuta, kama mtu anayepapasa gizani chumba alicholala miaka mingi. Mimi nililijua. Lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nikafungua mdomo.

"Wewe usimsaidie," Nicasia akaniambia bila kugeuka. "Umemsaidia vya kutosha."

Ningetoa macho yangu yote mawili ili alikumbuke.

"Silijui," akasema Ponciano. "Zamani ningelijua. Nilipoingia nyumba ile nikaanza kusema kikosi cha kwanza, kikosi cha pili. Majina yakanitoka. Silijui, mama. Nisamehe, au usinisamehe."

"Crispín Yujra."

"Crispín Yujra," akarudia taratibu. Kisha uso wake ukabadilika. "Wa filimbi. Yule aliyekatika kidole, akapiga kwa vilivyobaki."

"Huyo."

Akajifunika uso kwa mikono yake yenye maganda ya viazi. Alilia kwa sauti, mtu mzima, nami sikumwendea. Halikuwa zamu yangu.

"Aliugua homa," Nicasia akaendelea. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alilala chini ya gari siku tatu. Rafiki yake aliniambia, alikuwa akiomba maji, lakini wanaume walikuwa na amri ya kuendelea mbele. Sisemi lazima ningekuwapo mimi. Mwanamke yeyote angetosha. Hakuwapo hata mmoja njia nzima."

Akakichomeka kisu ardhini.

"Nimekaa nafikiri nitafanya nini siku nikikupata. Nikupige? Nikupeleke kwa Arteche, akutundike uwanjani, sisi tupigwe picha kama mashujaa? Crispín hatafufuka. Basi nenda. Tutasema hatukuona mtu." Akavuta pumzi. "Lakini Tiburcia anabaki. Wewe utakwenda kama alivyokwenda Crispín, bila mtu wa kukutangulia. Ukiugua, uugue peke yako."

Eustaquia aliitikia kwa kichwa polepole. Hakuna aliyepinga, na mimi moyoni nilijua hukumu ile ni ya haki, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Ponciano akafuta uso. Akakaa chini, akakunja miguu, akaegemea ukuta.

"Basi nitawasubiri hapa," akasema.

"Inuka," nikamwambia.

"Siendi bila wewe, Tibu. Nimekuacha mara moja, sitakuacha tena. Waje."

Nilimpenda saa ile kuliko siku zote za maisha yetu, na nilitaka kumpiga kwa chungu.

"Sikiliza, mwanamume. Miaka kumi na tisa natembea mbele yako ili ufike ukiwa hai. Nimezaa njiani, nimezika njiani. Unataka uniambie nimetembea bure?"

"Tibu..."

"Nimekuuliza swali."

"Nani atanionyesha pa kulala?" akauliza, na hakuwa anafanya mzaha. "Sijawahi kuchagua mimi."

Wanawake waliinamisha vichwa. Hata Nicasia alitazama pembeni. Nikamwinua kwa mikono yangu, nikamfunga poncho shingoni, nikamwekea begani kifurushi cha viazi vilivyokaushwa, nyama kavu na majani ya koka ya kutafuna njiani. Eustaquia akaongeza kipande cha jibini, akamwambia, "Hili usimwachie mlinzi." Nilishika masharubu yake na kuivuruga ile nta, ili asitambulike, na pia kwa sababu nilitaka kumgusa. Sikuyasema yote niliyotaka kuyasema. Nilimwambia, "Nimekupenda, mpumbavu wewe. Nenda." Akanibusu viganja vyote viwili, akatoka.

Tulisimama mlangoni kumtazama. Alitembea vizuri mpaka njia inapogawanyika, hatua mia mbili au mia tatu, kisha akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Upande wa mashariki vumbi la jeshi lilikuwa limeanza kuonekana, jembamba, la rangi ya kahawia. Yeye akageuka akanitazama mimi, akangoja.

Nilimtazama Nicasia. Nilikuwa nimeipokea hukumu yake, na kumwonyesha njia kungekuwa kumtangulia. Midomo yangu niliibana kwa meno. Vumbi lilizidi kupanda.

"Mwambie," Nicasia akasema.

"Nini?"

"Pa kulala. Hilo mwambie."

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia kushoto, Ponciano, kushoto, upite vijito viwili, usilale kwenye cha kwanza, kina baridi, lala kwenye cha pili chini ya jabali jeusi, upepo hauingii pale, na uwashe moto mdogo, na miguu uiweke upande wa moto. Sauti ilinikatika kabla sijamaliza. Akainua mkono juu, akashika njia ya kushoto.

Alivuka salama, hilo nilikuja kulisikia mwaka uliofuata kutoka kwa wachunga nyumbu. Lakini siku ile sikujua. Jeshi lilikuwa karibu, na watu wale waliokuja kumuua walikuwa wametembea tangu alfajiri bila kula. Nicasia akasogea akanipa nafasi kando yake, akanipa kisu chake, nami nikakaa, nikamenya viazi.